Wasomaji Wanauliza: Tumbo la Mtoto wa Nguruwe Anapoachishwa Kunyonya

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama mfugaji wa huku Mbozi, nina nguruwe wazazi wanne. Zamani nilikuwa nawaachisha watoto kunyonya wakiwa na wiki nane. Mwaka jana nilishauriwa niwaachishe wakiwa na wiki nne ili mama apandwe mapema, na tangu hapo kila uzao unapata shida ileile. Siku ya nne au ya tano baada ya kumwondoa mama, watoto wanaanza kuharisha maji ya njano na kukonda, na katika uzao wa mwisho wa watoto kumi walikufa watatu. Wanaopona wanapata magamba makavu miguuni na tumboni, ingawa hawajikuni. Chakula nachanganya mwenyewe. Katika kilo 100 naweka pumba za mahindi kilo 60, mashudu ya alizeti 25, dagaa 8, chokaa 4, unga wa mifupa 2, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo na chumvi nusu kilo. Katika duka la pembejeo nimeona unga wa asidi, pakiti za bakteria rafiki na unga wa vimeng'enya. Fedha yangu inatosha kitu kimoja tu. Ninunue kipi?
Msomaji, Mbozi, Mkoa wa Songwe

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa hasara. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, yaani kuandika mchanganyiko wako kwa kilo, na kwa sababu hiyo naweza kukujibu kwa uhakika zaidi kuliko ninavyowajibu wale wanaoniandikia tu kwamba "nawapa pumba". Jibu langu ni kwamba usinunue chochote kati ya hivyo vitatu kwa sasa. Fedha hiyo nunua soya na mahindi, kisha toa kilo tatu na nusu za chokaa katika kila kilo 100 unazochanganya.

Mtoto wa nguruwe anayenyonya hana asidi ya kutosha tumboni mwake. Anategemea bakteria wema wanaoishi humo, ambao hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huanza kuvunja protini, na huwaua bakteria wabaya kabla hawajaingia kwenye utumbo mwembamba. Siku unayomwondoa mama, sukari ile inakatika ghafla, na mtoto wa wiki nne bado hajaanza kutoa asidi yake mwenyewe kwa kiasi kinachotosha chakula kikavu. Papo hapo anawekewa chakula chenye chokaa kilo 4 katika kila 100. Chokaa hiyo ni jamii moja na vidonge vyeupe ambavyo mtu mwenye kiungulia hutafuna ili kuzima asidi ya tumbo, na ndani ya tumbo la mtoto wa nguruwe inafanya kazi ileile.

Nadhani kiwango hicho ulikipata kwa wachanganyaji wa chakula cha kuku wa mayai, kwa kuwa kuku anayetaga anahitaji chokaa nyingi kwa ajili ya ganda. Mtoto wa nguruwe wa umri huo anahitaji takribani gramu 8 za kalsiamu katika kila kilo ya chakula. Chokaa yako peke yake inampa gramu 15, na unga wa mifupa pamoja na dagaa vinaongeza nyingine 8 hivi juu yake. Ukinunua asidi na kuichanganya katika chakula hicho, utakuwa unateka maji kwa pakacha, kwa maana asidi yote unayoilipia itaishia kupambana na chokaa uliyoiweka mwenyewe.

Magamba uliyoyataja yananielekeza huko huko. Kalsiamu ikizidi huzuia madini ya zinki yasifyonzwe, na nguruwe aliyepungukiwa zinki hupata ngozi ngumu yenye magamba makavu ambayo kwa kawaida hayawashi. Ukurutu unaoletwa na utitiri huwasha sana, hata nguruwe hujisugua ukutani mchana kutwa. Kwa kuwa umeona mwenyewe kwamba hawajikuni, ningeanza na chakula kabla ya kutafuta sindano ya utitiri.

Jambo la pili ni njaa ya siku mbili za mwanzo. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijinyuzi vidogo vilivyosimama kama nyuzi za taulo, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vijinyuzi hivyo vinalishwa na chakula chenyewe kinachopita juu yake, hivyo mtoto aliyetengwa na mama yake akisusa kula, vinasinyaa ndani ya siku chache. Siku ya tatu njaa inamzidi, anakula kwa pupa hadi tumbo linavimba, na chakula ambacho hakikumeng'enywa kinateremka na kuwa shamba la bakteria aina ya E. coli, ambao ndio chanzo kikuu cha kuharisha katika majuma mawili baada ya kuachishwa. Nimewahi kumpasua mtoto aliyekufa siku ya sita. Mfuko wa tumbo ulikuwa umejaa pumba kavu ambazo zilikuwa bado na rangi yake, na ukizisugua kati ya vidole ungedhani zimetoka kwenye gunia asubuhi ile. Utumbo uliofuata ulikuwa umejaa maji matupu. Mwenye banda alidhani amekufa kwa njaa, kumbe alikuwa ameshiba kitu ambacho mwili wake haukuweza kukivunja.

Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti yenye maganda ni chakula kizuri kwa nguruwe mkubwa, lakini vina nyuzinyuzi nyingi mno kwa tumbo la wiki nne. Kwa kilo 100 za chakula cha kuanzia, changanya mahindi yaliyosagwa kilo 58, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 22, dagaa safi kilo 8, pumba laini za ngano kilo 9.4, unga wa mifupa kilo 1, chokaa nusu kilo, premiksi ya nguruwe nusu kilo, chumvi gramu 300 na laisini (kijenzi cha protini kinachouzwa dukani) gramu 300. Mchanganyiko huo unakupa protini ya karibu asilimia 19, na nakusihi usiipandishe zaidi ukidhani unawasaidia, kwa sababu protini inayobaki bila kumeng'enywa inaoza katika utumbo mpana na kuwanufaisha bakteria walewale. Soya lazima ipitie moto, maana soya mbichi ina kizuizi kinachofunga vimeng'enya vya kuvunja protini. Ikaange hadi ibadilike rangi na harufu ya ubichi iishe, lakini isiungue. Dagaa nao wakague kabla ya kulipa: chukua konzi moja, itumbukize katika glasi ya maji, koroga, kisha tazama mchanga unaotuama chini. Nimewahi kupata robo ya glasi nzima.

Umri wa kuachisha nao una uzito wake. Wiki nne zinawezekana kwa mwenye chakula kizuri, banda lenye joto na maji yasiyokatika. Kwa hali uliyonieleza, rudi kwenye wiki sita hadi uone mizao miwili imepita salama. Utachelewa kidogo kumpandisha mama, lakini watoto watatu waliokufa walikugharimu zaidi ya hizo wiki mbili. Anza kuwaonjesha chakula cha kuanzia wakiwa na siku kumi, kidogo kidogo kwenye sinia pana ambalo mama hawezi kulifikia, na ukibadilishe kila siku kwa kuwa hawali chakula kilichokaa. Siku ya kuwatenga, mwondoe mama na uwaache watoto katika banda wanalolijua. Kwa siku tano za mwanzo wape chakula kilicholoweshwa kama uji mzito, mara tano au sita kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika chache. Mbozi ya mwezi wa sita na wa saba ina baridi, na mtoto wa umri huo anahitaji joto la nyuzi 28 hivi pale anapolala. Ukiwakuta wamelaliana asubuhi, ongeza majani makavu na uzibe upepo wa chini kabla ya kufikiria dawa yoyote.

Ukishafanya hayo na bado fedha ipo, ndipo ningenunua asidi. Asidi za kikaboni ndizo zilizofanyiwa utafiti mwingi zaidi kati ya viongeza hivyo vitatu, na ni rahisi kuzitumia. Asidi ya sitriki, ileile ya kutengenezea juisi, hutumika kwa kilo 1 hadi 2 katika kilo 100 za chakula, badala ya kiasi hicho cha pumba. Asidi ya benzoiki inatosha kwa nusu kilo. Asidi ya fomiki hupunguza bakteria vizuri sana, lakini ikiwa ya maji inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo mfugaji anayechanganya kwa mkono heri atafute ile iliyo katika umbo la chumvi kavu. Wape kuanzia wiki moja kabla ya kuwatenga hadi majuma mawili au matatu baada yake, kisha uache, kwa sababu tumbo likishakomaa faida yake inapungua na gharama inabaki palepale. Vimeng'enya vya duka, hasa kile cha kufungua fosforasi iliyo katika nafaka, vina faida yake ya kupunguza gharama ya madini, ila kwa ugonjwa wako si vya kuanza navyo.

Tafadhali usiniamini mimi wala muuzaji, jaribu mwenyewe. Gawa uzao mmoja katika vyumba viwili, watoto watano watano wenye uzito unaokaribiana, wape chakula kilekile, na chumba kimoja tu kiwe na asidi. Wapime siku ya kuwatenga na siku ya 14, na kila asubuhi andika wangapi wana mkia uliolowa. Rudia kwa mizao mitatu au minne kabla ya kuamua, maana uzao mmoja unaweza kukudanganya.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Pakiti za bakteria rafiki ni ghali kwetu. Je, naweza kuwapa watoto wa nguruwe mtindi wa nyumbani au hamira ya mikate nikapata matokeo yaleyale?
Msomaji, Rungwe, Mkoa wa Mbeya

JIBU: Ndugu yangu, matokeo yaleyale siwezi kukuahidi, lakini ninaona iko njia ya nyumbani iliyo bora kuliko hizo mbili, nayo ni kuchachusha chakula chenyewe.

Kwanza hamira. Hamira ya mikate na hamira hai ya mifugo ni jamii moja, Saccharomyces cerevisiae, lakini ya mifugo imechaguliwa kwa uwezo wake wa kustahimili safari ya tumboni, na ya mikate imechaguliwa kwa kuumua unga. Ukiweka kidogo haitawadhuru, ila sioni sababu ya kutegemea kwamba itazuia kuharisha. Mtindi ni mzuri kama chakula, na ukiwapa kikombe kwa watoto kumi katika uji wao wa siku za mwanzo, wataupenda na watakula zaidi, jambo ambalo peke yake ni faida kubwa.

Kuchachusha ni kazi ya ndoo mbili zenye mifuniko. Chukua unga wa mahindi na pumba peke yake, bila soya, dagaa, premiksi wala laisini, kwa sababu laisini ya duka inaliwa na bakteria wakati wa kuchachuka na fedha yako inapotea. Kwa kila kilo moja ya unga weka lita mbili na nusu za maji safi yenye uvuguvugu na kikombe kimoja cha mtindi usiochemshwa wala kutiwa sukari. Funika, weka mahali pasipo na baridi, na koroga asubuhi na jioni. Saa za mwanzo ndizo za hatari, kwa sababu asidi haijajengeka na bakteria wabaya nao wanazaliana. Kwa hiyo usiwape watoto kabla ya saa 48 kupita katika ndoo ya kwanza. Ikiwa tayari, utaona mapovu madogo pembezoni na harufu itakuwa kali lakini safi, kama togwa iliyoiva. Ukisikia harufu ya kitu kilichooza, au ukaona ukungu wa kijani au mweusi juu yake, mwaga yote, osha ndoo kwa maji ya moto na uanze upya. Ikifaulu, bakisha robo ya ndoo iwe mbegu ya kesho, na ndoo zinazofuata zitakuwa tayari kwa siku moja. Soya, dagaa na madini unachanganya dakika unayopeleka chakula horini, na kinachobaki baada ya saa chache kitolewe.

Nchi za Ulaya Kaskazini zimelisha nguruwe chakula cha namna hii kwa miaka mingi, na faida iliyothibitika ni kwamba chakula kinafika tumboni kikiwa tayari na asidi ya laktiki, na bakteria wa jamii ya E. coli na Salmonella wanapungua. Nakuomba usichanganye jambo hili na machicha ya pombe. Hayo yana nyuzinyuzi nyingi, yanaharibika upesi, na hayafai kwa mtoto wa wiki sita.

Siku utakapomudu pakiti, soma maandishi yake kabla ya kulipa. Lazima iandike jina kamili la bakteria, idadi yao walio hai katika kila gramu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wale wa jamii ya Bacillus wanakaa kama mbegu kavu na wanastahimili joto la ghalani, ilhali wa jamii ya Lactobacillus na hamira hai wanakufa upesi pakiti ikiachwa juani au ikikorogwa katika maji ya moto. Wala usiwape pamoja na antibiotiki, kwa kuwa utakuwa umenunua bakteria na dawa ya kuwaua kwa siku moja.

SWALI: Hujambo daktari. Muuzaji wa agroveti alinishauri niwe nikichanganya antibiotiki ya unga katika chakula cha watoto wa nguruwe kila siku ili wasiharishe. Jirani yangu naye anatumia zinki oksidi, anasema huko Ulaya hutumiwa na kila mfugaji. Nifuate upi?
Msomaji, Limuru, Kaunti ya Kiambu

JIBU: Sijambo, ndugu. Usifuate wowote kati ya hao wawili, na la kwanza nalisema kwa mkazo wote nilio nao.

Antibiotiki inayotolewa kidogo kidogo kila siku haiwamalizi bakteria wabaya, bali inawaacha hai wale walioizoea, na hao hawabaki bandani. Wanatoka na mbolea, na viatu, na mikono ya mtoto wako anayebeba ndoo. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kugundua kinasaba kinachowawezesha bakteria kuishinda dawa ya kolistini, na kinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Kilikutwa kwa nguruwe, katika nyama na kwa wagonjwa hospitalini. Kolistini ni miongoni mwa dawa za mwisho ambazo madaktari wa binadamu huzikimbilia, na wakati huo ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha nguruwe ili wakue haraka. China ilisimamisha matumizi hayo mwaka 2017. Uswidi ilikuwa imekataza antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 1986, na Umoja wa Ulaya wote tangu Januari 1, 2006. Wafugaji wa Uswidi waliumia mwanzoni, kwa kuwa kuharisha na vifo baada ya kuachisha viliongezeka. Kilichowatoa ni kuachisha wakiwa wakubwa zaidi, kupunguza protini, na kutengeneza mabanda safi na yenye joto, mambo ambayo mfugaji wa Limuru naye anayaweza. Antibiotiki ni ya kumtibu mgonjwa, kwa kipimo na siku alizoandika daktari wa mifugo, na baada yake uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Kuhusu zinki, jirani yako anasema habari ya kweli iliyopitwa na wakati. Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya waliwapa watoto wa nguruwe zinki oksidi kwa kiasi cha miligramu 2,500 hivi za zinki katika kila kilo ya chakula, kwa majuma mawili baada ya kuachisha, na ilizuia kuharisha vizuri. Lakini mwili unafyonza sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa inatoka na kinyesi, inafika shambani, na haiozi wala haiondoki. Isitoshe, zinki nyingi inawasaidia baadhi ya bakteria sugu kustawi. Kwa sababu hizo Umoja wa Ulaya ulisitisha matumizi hayo ya kidawa Juni 2022, na sasa chakula cha nguruwe huko hakiruhusiwi kuzidi miligramu 150 kwa kilo. Premiksi nzuri inakupa zinki inayotosha mahitaji ya mwili. Wewe unayeweka mbolea ya nguruwe kwenye shamba la mboga mwaka baada ya mwaka, sipendi uanze leo jambo ambalo wao wameliacha.

SWALI: Watoto wangu wa nguruwe wana siku tisa, bado wananyonya, na wanaharisha uji wa njano unaonata. Nimewapa maji yenye bakteria rafiki na antibiotiki kwa siku nne bila nafuu. Niongeze kipimo?
Msomaji, Moshi

JIBU: Usiongeze. Kuharisha kunakoanza kati ya siku ya 7 na ya 21, watoto wakiwa wananyonya vizuri na antibiotiki isifue dafu, mara nyingi ni koksidia, kimelea ambacho si bakteria na hakiguswi na dawa uliyotoa. Mwite daktari wa mifugo achukue kinyesi cha watoto kadhaa kipimwe. Kwa uzao ujao atakuandikia toltrazurili, ambayo hutolewa mdomoni mara moja tu katika siku ya 3 hadi ya 5 kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Kwa hawa wa sasa, kinachookoa maisha ni maji: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, katika chombo cha chini wanachokifikia, yakibadilishwa kila baada ya saa chache. Sakafu ikauke kabisa kabla mama mwingine hajaingia kuzaa, kwa sababu mayai ya kimelea hicho yanastahimili dawa nyingi za kuoshea lakini yanashindwa na ukavu na maji yanayochemka.

SWALI: Je, mkaa wa kusaga unatibu kuharisha kwa nguruwe?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Mkaa wa kawaida wa jikoni unanasa vitu vichache tu, na hauchagui, unaweza kunasa vitamini na dawa uliyompa pamoja na sumu iliyo tumboni. Kama unaogopa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, katika mahindi yako, udongo wa bentonaiti unaouzwa kwa kazi hiyo unanasa aflatoksini vizuri kuliko mkaa, ingawa kwa sumukuvu za aina nyingine hausaidii sana. Mahindi yenye ukungu usiwape watoto hata ukiwa na udongo huo.